Karatasi za Njugu

Siku ya tatu baada ya kumzika mama tulifungua sanduku lake la bati. Tata, mdogo wake mama, ndiye aliyekuwa na ufunguo. Juu tulikuta leso mbili ambazo hakuwahi kuzivaa, kadi zangu za kliniki, na picha ya harusi iliyoanza kugeuka manjano. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa unga uliokunjwa kwa uangalifu, kulikuwa na bunda la vipande vya karatasi. Tata alizinusa, akakunja uso.

"Hii ni nini sasa? Karatasi za njugu? Dada yangu alikuwa anaweka takataka kwa sanduku?"

"Lete nione, Tata."

"Uone nini, Muthoni? Hii ni ya kuwashia moto."

Nilizichukua kabla hajazipeleka jikoni. Zilikuwa zimenyooshwa moja moja kana kwamba zimepigwa pasi, na kila moja ilikuwa na madoa ya mafuta. Nilipoziweka puani nilisikia harufu ya njugu za kukaangwa zilizolala miaka mingi, na chini yake harufu nyingine, kavu, ya karatasi nyembamba na wino. Majina upande wa kushoto, sanduku la posta katikati, nambari upande wa kulia. Nikakaa sakafuni. Tangu simu ya msiba inipate kule Voi sikuwa nimeketi.

Ninyi wenzangu wa rika langu mnakikumbuka kitabu cha simu. Kilikuwa kinene kiasi cha mtoto kukikalia afikie meza, na kilifungwa kwa kamba kwenye meza ya ofisi kama mbuzi wa thamani. Leo ukimwambia kijana kwamba kulikuwa na kitabu chenye jina lako, kazi yako na mahali ulipo, na kwamba mtu yeyote angeweza kukifungua, atakuuliza nani alikuruhusu. Cha mwisho nilichokiona kilikuwa kwa kinyozi mmoja wa Laare, juu ya kiti, chini ya makalio ya mtoto anayenyolewa. Nilikifungua. Kilianzia herufi M. Kurasa za mbele zilikuwa zimekwisha kwa kupanguza wembe.

Baba yangu, Ireri, alikuwa fundi wa redio Runyenjes. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichonuka moshi wa risasi inayoyeyuka ya kuunganishia nyaya, na rafu zilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Wakulima wa chai walizileta zikiwa zimenyamaza, wakakaa kwenye benchi wakizitazama kama watu waliomleta mgonjwa. Juu ya kaunta kulikuwa na simu nyeusi. Haikuwa na nambari usoni. Ilikuwa na mkono ubavuni, na ukiuzungusha unampata Mama Wanja, mwanamke wa swichibodi, katika kijumba nyuma ya posta. Unamwambia unayemtaka, naye anakuunganisha. Alijua sauti ya kila mwenye simu pale sokoni, na sisi tulijua yake.

Siku jina la baba lilipotokea kwenye kitabu cha simu kwa mara ya kwanza, alilipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kila mteja alionyeshwa.

"Sasa hata serikali ikinitaka itanipata," alisema.

"Serikali ikutake na nini, Ireri, na redio yangu uko nayo tangu Pasaka?" mzee mmoja alimjibu, na benchi zima likacheka.

Baba naye alicheka. Halafu akanigeukia akaniambia, "Unaona, mama? Mtu akiwa humu hapotei."

Aliniita mama, na hakuwa akinibembeleza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mama yake. Akinituma aliomba, hakuamuru. Nikimkemea kwa kuacha chai ipoe, aliinamisha kichwa na kusema nimsamehe. Nilikua nikiyachukulia mambo haya kama yalivyo. Guka, babu yangu mzaa baba, alipofariki, shangazi alijifungua mtoto wa kiume muda mfupi baadaye, akapewa jina la Guka. Wanawake walikuja na uji wakisema, "Guka amerudi!" Walimsalimia kwa heshima kitoto kile kilichofungwa blanketi, na mmoja akamuuliza kama ameridhika na vile mbuzi wake walivyogawanywa. Mtoto akapiga chafya. Wakasema ameridhika. Mimi nilisimama mlangoni nikayashika hayo yote kama yalivyosemwa: watu hufa, hukaa huko kidogo, halafu hurudi.

Baba aliugua kifua kwa wiki tatu tu. Nakumbuka rangi ya udongo wa kaburi lake, nakumbuka redio ndogo ambayo mtu aliisahau ikiongea peke yake nje ya boma. Shangazi alinishika bega akaniambia, "Usilie, mama. Watu kama baba yako hurudi." Nikanyamaza papo hapo. Watu walinisifu kwa kuwa mtoto shupavu. Sikuwa shupavu. Nilikuwa nimeahidiwa.

Mama alikuwa Mmeru wa Mitunguu, na baada ya mazishi tukarudi kwao. Kutoka kwenye baridi ya Runyenjes tulishuka kwenye joto, migomba na mifereji ya maji yaliyopita kando ya kila shamba. Watoto wa shule walinicheka nilivyoongea.

"Huyu Mwembu anasema baba yake anatengeneza redio."

"Basi mwambie akuje atengeneze ya kwetu, inakoroma."

"Akirudi nitamwambia," nilisema, nao wakacheka hadi wakaegemeana. Sikuelewa kilichowachekesha.

Mama alipata kazi ya kufagia ofisi ya mradi wa maji, Jumatano na Jumamosi. Jumamosi sikuwa na shule, kwa hiyo niliandamana naye. Karani, Bwana Mwirigi, alikuwa mtu mnene mwenye huruma ambaye saa nne hivi alitoka kwenda kutazama ndizi zikipimwa, na mama akatoka kwenda kuteka maji ya kupiga deki. Nilibaki mimi, meza, simu ya kuzungusha kama ya baba, na kitabu cha simu.

Nilikisoma kama wengine wanavyosoma hadithi. Kulikuwa na watu waliouza majeneza, na watu waliokuwa na sanduku la posta lakini hawana kazi. Kulikuwa na Wameru wengi ambao majina yao yalianza kwa M na alama ndogo juu, wamejipanga kurasa nzima, ukadhani wazee wote wa Imenti wameitwa mkutano. Kulikuwa na Kapsabet, Voi, Garissa, Mumias. Niliyatamka majina hayo kwa sauti nikijiuliza watu wa huko wanakula nini.

Jumamosi moja Bwana Mwirigi alikuja na kitabu kipya, jalada lake bado linang'aa. Akakifunga kwa ile kamba, cha zamani akakichukua mtu mwingine. Alipotoka, nilifungua herufi I bila kuwaza, kama unavyopitia nyumba unayoijua. Na pale, kati ya Ireri wengine, alikuwepo. Jina lake lote, kazi yake, sanduku letu, Runyenjes, na nambari yetu ya tarakimu mbili.

Kitabu kilikuwa kipya. Baba tulikuwa tumemzika zaidi ya nusu mwaka uliopita. Sikuhitaji mtu wa kunieleza: alikuwa amerudi, na alirudi kazini kwake, na kitabu kilikuwa kimepata habari kabla yetu. Nilichojiuliza tu ni kama atakuwa mtoto mchanga, na kama ni mchanga atafikiaje kaunta.

Nilizungusha mkono wa simu. Sauti ya Mitunguu ikanipeleka kwa sauti ya Embu, na ya Embu ikanipeleka Runyenjes.

"Runyenjes. Unataka nani?"

Nilimtambua. "Mama Wanja, ni Muthoni. Nataka kuongea na baba."

 Nilisikia tu ule mvumo wa waya, kama nyuki walio mbali.

"Muthoni wa Ireri?"

"Ee."

"Uko wapi, mama?"

"Mitunguu. Nimemwona kwa kitabu. Nipatie yeye."

 Leo najua kwamba alikuwa na majibu mawili mkononi, na mara nyingi nimejiuliza mimi ningechagua lipi. "Ngoja nijaribu," alisema.

Ikalia. Nilijua vizuri mlio ule kutoka upande wa pili, jinsi ulivyotikisa bisibisi ndani ya kopo. Nikaiona kaunta, benchi, rafu. Ililia muda mrefu.

"Hakuna mtu, mama," Mama Wanja alisema kwa upole. "Jaribu siku ingine."

Nilijua ametoka kupeleka redio ya mtu.

Nilijaribu kila Jumamosi. Ukawa mwendo wetu: mama anachukua ndoo, mimi nazungusha simu, Mama Wanja anauliza kama nimekula, halafu inalia. Nilikataa kushonewa sare ya shule ya Mitunguu kwa sababu nilijua sitakaa. Mama aliponiuliza kwa nini, nilimwambia tutarudi nyumbani karibuni. Alinitazama kwa muda, akaendelea kuchambua maharagwe. Nilidhani hajui lolote, na nilimwonea huruma, nikapanga kwamba baba akichukua simu nitamwita mama haraka atupe ndoo aje.

Kisha Jumamosi moja, simu ikachukuliwa.

Nilisikia vikombe. Nilisikia watu wengi. "Hoteli hapa," sauti ya mwanamume ilisema. "Sema haraka, chai inamwagika."

"Baba?"

"Baba nani? Unataka nani wewe?"

"Ireri."

"Fundi? Huyo si alikufa kitambo? Sisi ndio tumechukua hii duka. Kama ni redio yako unatafuta, ziko hapa nyuma, kuja uangalie."

"Wewe, weka simu chini." Ilikuwa sauti ya Mama Wanja, imeingia katikati.

"Lakini si ni yeye ameuliza..."

"Nimesema weka chini!"

Vikombe vikanyamaza. Ukabaki ule mvumo.

"Muthoni. Mama. Uko hapo?"

"Lakini yuko kwa kitabu," nilisema. "Kitabu ni kipya, na yeye yuko ndani."

"Kitabu huchelewa, mama." Alizungumza polepole, kana kwamba anateremka ngazi gizani. "Majina hukusanywa mapema, halafu kinachapwa baadaye sana. Wakati walikuwa wanaandika hayo majina, baba yako alikuwa hapa bado. Alikuwa anatengeneza redio yangu."

"Kwa hivyo hakurudi."

 Nilisikia simu zingine zikimwita pale kwenye swichibodi, moja juu ya nyingine, naye hazijibu. Mlango ukafunguka, mama akaingia na ndoo.

"Unafanya nini na simu ya watu?"

"Naipanguza," nilisema, na nikaipanguza kweli, kwa ncha ya sweta, mkonga na ubavu na ule mkono, mpaka ikang'aa.

Sikulia. Nilichokuwa nacho kilikuwa hasira, na haikuwa kwa baba wala kwa Mama Wanja. Ilikuwa kwa kitabu. Mwaka ulizunguka, kikaja kingine. Nilifungua herufi I nikijua nitakachokiona. Waliokuwa juu ya baba na waliokuwa chini yake walikuwa wamesogeleana, kama watu kwenye benchi la kanisa mmoja wao akiinuka. Hapakubaki hata nafasi ya kuonyesha kwamba mtu alikuwa amekaa.

"Hiki cha zamani mtapeleka nyumbani," Bwana Mwirigi aliniambia. "Mama yako ameniomba tangu juzi. Sijui anataka kukifanyia nini. Mchukulie."

Nilikichukua. Sikukipeleka nyumbani. Nilikwenda nacho sokoni, nikampa Mama Kaari, aliyeuza njugu za kukaanga. Alikipima mkononi akacheka kwa furaha. "Hii itanimalizia mwaka, msichana wangu!" Alirarua ukurasa mbele yangu, akauviringisha, akanijazia njugu. Nikazila zote njiani. Zilikuwa na chumvi nzuri.

Jumatano jioni mama alirudi kutoka ofisini akasimama mlangoni bila kuvua leso ya kichwa.

"Mwirigi anasema kitabu alikupatia wewe."

"Nilimpa Mama Kaari."

"Mama Kaari wa njugu?"

"Ndiyo. Kilikuwa cha zamani."

Nilingoja anichape. Nilimwona akishika mlango, akauachia, akaushika tena. Halafu akaniambia niende nikafunge kuku.

Tangu siku hiyo mama akawa mtu wa njugu. Kila siku ya soko alinunua, na si pakiti moja. Alinunua mbili, tatu, akisimama kando ya Mama Kaari na kuchagua kwenye karai kana kwamba pakiti moja inazidi nyingine. Mama Kaari alimtania, "Mama Muthoni, utaota mbawa kama kuku kwa kudonoa!" Nyumbani alizifungua kwa utaratibu, akamwaga njugu kwenye sahani yangu, na yeye akabaki na karatasi, akiigeuza mbele na nyuma karibu na dirisha. "Kula," aliniambia. "Mimi nimeshiba." Nilifurahi mno. Niliamini kwamba nilimfundisha mama kupenda kitu kipya, kwamba lile lilikuwa tendo langu jema mwaka ule mbaya. Nilisema hata shuleni, mama yangu hunilisha njugu kama mtoto wa tajiri.

Niliacha shule darasa la saba. Sina sababu nzuri ya kutoa. Nilitaka kwenda kuona, basi. Nimechuma chai, nimefunga miraa kwa majani ya migomba, nimeuza sahani mlango kwa mlango, nimepika kwenye mahema ya wajenga barabara. Nimekaa Kapsabet na Mumias, nimefika Garissa mara mbili. Kila nilipoingia mji mpya, nilikuwa nimeshausoma kitabuni. Muda huo wote waya za simu zilikuwa zikishuka kutoka kwenye milingoti, swichibodi zikafungwa, watu wakashika simu mkononi, na kitabu kikakoma kuja. Siku moja Meru mjini niliingia kwenye duka la intaneti nikaandika jina la baba. Yalitoka mamia. Vijana wakicheka kwenye picha, wanasoka, mchungaji mmoja. Hakuna aliyekuwa na benchi, wala sanduku la posta, wala mtu wa kumwita.

Hayo ndiyo yaliyonipitia nikiwa sakafuni na zile karatasi. Nilizipanga kwa herufi juu ya leso. Zilikuwa nyingi. B, K, kurasa za wazee wa M, N, W. Nilizipitia mara mbili, kisha mara ya tatu polepole. Herufi I haikuwemo hata kipande. Labda ndiyo niliyoviringishiwa siku ile ya kwanza, nikaitupa kwenye mfereji. Sijui. Sitajua.

"Kwani unatafuta nini humo?" Tata aliuliza. Nilimwambia: jina la baba, ambalo mama alilitafuta pakiti kwa pakiti. Akaenda nje kuzungumza na wageni, maana waliokuwa mbali walikuwa bado wanafika.

Mmoja wao alikuwa bibi mfupi mwenye fimbo, aliyetoka Runyenjes asubuhi. Alinisalimia tu, na kabla hajajitambulisha nilishamjua. Sauti haizeeki kama uso.

"Mama Wanja."

"Umekuwa mrefu," alisema. "Kwa simu ulikuwa mdogo."

Tuliketi nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nilimwomba msamaha kwa Jumamosi zote zile. Akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa wa Jumamosi," alisema. "Mama yako alikuwa wa Jumatano."

Sikumwelewa.

"Alianza kabla yako. Hakuwa anauliza mtu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga marehemu baba yako shuka ya kuzikiwa, alikuwa anajua hakuna mtu. Alikuwa ananiambia tu, 'Mama Wanja, iache ilie kidogo.' Basi naiacha. Ikilia kidogo anasema asante, anakata. Mpaka wale wa hoteli wakaingia." Alipanguza jicho kwa kidole gumba. "Kila mmoja wenu aliniomba nisimwambie mwingine. Nikanyamaza. Sijui kama nilifanya vizuri."

Nilimshika mkono.  Baadaye, alipoingia ndani kunywa chai, nilibaki pale peke yangu. Nilitoa simu yangu nikatafuta jina la mama. Lilikuwa bado pale, juu kabisa. Simu ya mama, Tata alikuwa ameiweka mezani karibu na dirisha, bado ina chaji. Nikabonyeza.

Niliisikia mara mbili: sikioni mwangu, na ndani ya nyumba. Viti vilisogezwa. Watu waliacha kuzungumza.

"Muthoni!" Tata aliita kutoka dirishani, sauti imempanda. "Muthoni, simu ya mama yako inalia! Nichukue?"

"Hapana, Tata," nilisema. "Iache ilie kidogo."